Punda wa Mbaruku na Mkeka wa Sataranji

Hapo zamani palikuwa na Sultani Hafidhi, bingwa wa baraza la sataranji, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu aliyethubutu kumfunga. Baraza lilikuwa na sheria mbili, zote zake. Ya kwanza, chakula kisisogee mkekani, kwani siku moja farasi wake wa kuchezea, wa pembe za ndovu, alipakwa samli, akamponyoka Sultani, akazama mchuzini. Ya pili, atakayeinuka kabla mchezo haujaisha amejifunga mwenyewe, wala mpinzani wake hasifiwi.

Basi siku moja punda wa Mbaruku mchota maji akalia dirishani pa baraza, Sultani akashtuka, akapoteza ngome yake. Punda akakamatwa, akatiwa kamba mlangoni pa baraza. Mbaruku, ambaye bila punda yule hakuwa na maji ya kuuza wala mkate wa kula, akaja asubuhi ya pili kumwombea.

"Keti tucheze," akasema Sultani. "Ukinifunga, umenikosea adabu, punda ni wangu. Nikikufunga, umenipotezea wakati, punda ni wangu. Na sare siitaki."

Wanabaraza wakacheka. Mbaruku akauliza kama iko sheria ya kumharakisha mtu anayefikiri. Akaambiwa haipo.

"Basi anza, Maulana."

Sultani akasogeza askari hatua mbili. Mbaruku akashika tama, akafikiri. Jua likapanda, akafikiri. Ikawa kivuli cha mlango kinafupika, naye anafikiri. Sultani, kwa hamu ya mchezo, hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. Na huko jikoni wakafunua sufuria ya pilau.

"Mbaruku, cheza."

"Namtazama farasi wangu, Maulana. Ana macho ya huzuni."

Harufu ikaingia, ikakaa kitako katikati ya mkeka. Tumbo la Sultani likanguruma, wanabaraza wote wakageuka kumtazama punda.

"Wewe huoni njaa?"

"Naiona kila siku, Maulana. Tumezoeana."

Sultani akavumilia, akavumilia, kisha akainuka mbio na kilemba mkononi. Aliporudi, wali ndevuni, akamkuta Mbaruku anamfungua punda.

"Sikukufunga, Maulana, wala hukunifunga, wala hatukutoka sare. Umejifunga mwenyewe kwa sheria yako. Mimi sijagusa hata kete moja."

Sultani akautazama mkeka, akacheka hata punje za wali zikaruka ndevuni. Akaamuru punda aende na mwenyewe, na sinia la pilau mgongoni. Tangu hapo baraza lile huanza mchezo baada ya chakula, na punda wa Mbaruku hulia apendapo.