Mashavu na Zimwi la Moshi

Haya sogeeni, ngano imebisha hodi. Zimwi la moshi, linalomeza kila aliyesimama, lilimmeza binti wa Mashavu. Mashavu akawakabili wazee. "Mliwaambia watoto wakimbie. Nani aliwaonyesha namna ya kutoka?"

Akawasha majani mabichi bandani, akawafunza watoto kutambaa, kitambaa chenye maji puani.

"Unawatesa wana wa watu," wazee walimfokea.

Hakuacha. Walitambaa, wakakohoa, wakatambaa tena.

Siku moja zimwi likajaa chuoni, watoto wamo wakisoma Kurani. "Nani amesimama?" likauliza. Watoto wakalala chini. "Nani amesimama?" Wakatambaa. "Nani amesimama?" Chuo kitupu. Likapasuka kwa njaa.

Wazee wakaja na shukrani. Mashavu akawapita bila salamu, akaenda kuwapa watoto maji. Ngano imekwisha, hasira yake bado.