Kwa Nini Nyumba ya Makamu Mkuu wa Chuo Imelipa Lango Kisogo

Wanangu mlioripoti juzi, najua mnachochekea. Mmepanda kutoka lango kuu, mkaiona kwa mbali nyumba ya Makamu Mkuu wa Chuo, yenye paa jekundu ambalo kila mgeni hulipiga picha. Mlipoikaribia mkakuta banda la kuku na mlango wa jikoni. Sasa mmezunguka hadi mbele, kaeni hapa kwenye kibaraza niwaeleze. Nimepika katika nyumba hii miaka thelathini na mmoja, na habari za mwanzo wake nilipewa na fundi mwenyewe aliyeijenga.

Kulikuwa na wakati kilima hiki hakikuwa na lango wala lami. Mashariki lilikuwa pori tupu, nyani wakijitawala. Watu wote walipita upande huu wa magharibi, kwenye njia ya chemchemi, wengine na ndoo za maji, wengine na mikungu ya ndizi ya sokoni. Fundi Lwitiko alipokabidhiwa ramani ya nyumba, alikuta imechorwa ikitazama mashariki. Aliigeuza karatasi huku na huku, akalitazama pori, akaitazama njia, akaamua kwamba mchoraji, ambaye hakuwahi kukanyaga kilimani, amekosea. Kwa Fundi Lwitiko, nyumba inayowapa watu kisogo na kuwachekea nyani haina adabu. Basi akaipindua ramani, akapiga vigingi.

Alijenga kwa moyo wake wote. Matofali aliyachagua moja moja, na zile nguzo sita za barazani alizisugua kwa mkono mpaka zikang'aa. Alipomaliza aliizunguka nyumba akiimba peke yake, na mkewe alipomuuliza ana nini, alisema sasa hata akifa leo ana kitu cha kuonyeshwa wajukuu.

Mwaka uliofuata tingatinga likaja, likafyeka pori, barabara ikapita mashariki kama ramani ilivyosema. Mabweni yakajengwa huku chini, kando ya njia ya chemchemi.

Profesa Ndimbo, Makamu Mkuu wetu wa kwanza, alifika siku ya Alhamisi na msafara wa magari, akashushwa mbele ya jogoo. Alikuwa mtu wa tai na utaratibu, akafura. Akamwita Fundi Lwitiko mbele ya wageni wote.

"Umenijengea nyumba kinyumenyume. Jumatatu anza kuvunja, baraza lihamie upande wa barabara. Ukimaliza, kusanya vyombo vyako uondoke."

Fundi alikwenda nyumbani, chakula kikamshinda. Kufukuzwa kulimuuma, lakini kuzivunja zile nguzo kwa mkono wake mwenyewe kulimuuma zaidi.

Ijumaa asubuhi Profesa alitoka barazani na msuli na fulana, mswaki mdomoni, akidhani yuko peke yake. Kumbe huku chini bweni zima liko bombani, linafua.

"Shikamoo, Profesa!"

Sauti sitini kwa mpigo! Sasa afanyeje, na mkubwa akiamkiwa lazima aitikie? Akaitikia marahaba na povu lake, likamtiririkia fulanani. Wanafunzi walicheka, halafu wakaogopa, halafu wakamwona Profesa naye anacheka mpaka ameshika nguzo.

Alipojifuta ndipo akamwona mmoja asiyecheka. Alikuwa binti, jina lake Subilaga, akishuka njia ya chemchemi na sanduku kichwani. Profesa akamwita, akamuuliza anakwenda wapi na masomo ndiyo kwanza yanaanza.

"Narudi nyumbani, Profesa. Siku ya tano leo naambiwa jina langu halipo, njoo kesho. Nimekuja ofisini kwako, mlangoni wakanizuia."

Profesa hakurudi ndani kubadilisha nguo. Aliongozana naye na msuli wake hadi kwa makarani, na jina likapatikana kabla chai haijapoa, limenata nyuma ya karatasi ya mtu mwingine. Subilaga alilirudisha sanduku bwenini akikimbia.

Jumatatu Fundi Lwitiko alikuja na nyundo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimkuta Profesa ameketi barazani.

"Fundi, hebu niambie. Kwa nini uliigeuza?"

"Profesa, upande ule palikuwa na nyani tu. Watu walikuwa huku."

Profesa alilitazama lile bomba. "Weka nyundo chini," alisema. "Watu bado wako huku. Nijengee kibaraza kirefu cha kukalia, mwenye shida akija asisimame."

Fundi alilia bila kujificha. Kisha akakijenga, na ndicho hicho mmekikalia.

Na tangu siku hiyo nyumba hii huwatazama wanafunzi na kulipa lango kisogo. Mawaziri wakija hupita jikoni kwangu, wakiruka vinyesi vya kuku na viatu vyao vizuri. Na kila Makamu Mkuu, awe nani, hupigia mswaki wake barazani, ili mwenye neno amkute kabla ofisi hazijafungua milango yake ya kuzuia watu.

Haya, kitasa hicho kinalia. Simameni, anatoka. Mwamkieni vizuri Profesa Subilaga, ila mpeni nafasi ateme povu kwanza.