Nukta Tatu za Nakijwa

Mwanamke mmoja alikuwa na alama yake. Kila mpira wa gofu alioutia mfukoni aliuchora kwanza nukta tatu za bluu, zimekaa kama mafiga jikoni, ili popote utakapoangukia auone na kusema, huu ni wangu. Msinune, mama zangu, kwa kuwa leo nimewaletea habari za gofu. Najua mkiuona mchezo huo kwenye televisheni mnatafuta chaneli nyingine, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wenyewe hauna mambo mengi. Unaupiga mpira mdogo kwa fimbo, unaufuata ulikokwenda, unaupiga tena, mpaka uingie shimoni. Mashimo ni kumi na nane, na aliyetumia mapigo machache ndiye bora. Ila ipo sheria moja ambayo haina mzaha: piga mpira wako, usipige wa mwingine.

Mwanamke huyo aliitwa Nakijwa, Mpare wa Usangi. Aliyembebea mfuko wa fimbo, kazi ambayo wachezaji wanaiita ukedi, alikuwa shangazi yake, Namsifu. Namsifu alikuwa kedi miaka ishirini na miwili katika kilabu kimoja mjini Moshi, akibeba mifuko ya watu, na jioni wenye mifuko wakishaondoka alimfundisha binti wa kaka yake kupiga. Walijifunzia nyuma ya ghala, mahali pembamba kati ya ukuta na ua wa miiba. Aliyenyanyua fimbo juu sana aligonga ukuta. Kwa hiyo Nakijwa akakua na pigo fupi, la haraka, kama mtu anayekata majani ya ng'ombe. Halikuwa pigo la kupigiwa picha, lakini mpira ulikwenda ulikotumwa. Kwa pigo hilo hilo aliwashinda wengi kwenye mchujo, akapewa nafasi ya msimu mmoja katika mashindano ya wanawake ya Ulaya.

Msimu wenyewe ni safari. Aprili mko Uhispania, Mei Italia, Juni Ujerumani, halafu Uswidi ambako jua linasahau kuzama, halafu Uskoti, halafu Ufaransa. Kila wiki kitanda kipya na mto mpya, na sanduku halifunguliwi lote. Na nyuma ya safari yote kuna orodha. Msimu ukiisha, wanawake sabini wa kwanza kwenye orodha wanabaki kwa mwaka unaofuata. Wa sabini na moja hana tofauti na wa mia mbili. Anarudi kwenye mchujo, akaanze upya na wasichana ambao bado wanabisha hodi. Nakijwa alijua hilo tangu siku ya kwanza, na alitaka jina lake libaki pale kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Kule Uhispania akamwona Tuva, Mswidi mrefu, bingwa wa mwaka uliotangulia. Tuva aliinua fimbo taratibu mpaka ikapita bega, akaishusha, na mpira ukaenda ukatulia mbali hata watu wakashusha pumzi. Nakijwa akalitazama pigo lake mwenyewe akaona haya. Hakuna aliyemcheka, niwaambie ukweli. Wala Tuva hakuwa mtu mbaya, alimsalimia kila asubuhi na mara moja alimgawia ndizi. Haya ile ilitoka kwa Nakijwa mwenyewe. Walipofika Italia alikuwa ameanza kuinua mikono juu kama Tuva. Walipofika Ujerumani alikuwa amenunua kofia kama ya Tuva, na ameiacha mipira aliyoizoea, akachukua ya kampuni ile ile anayotumia Tuva. Zile nukta tatu aliendelea kuzichora, ila sasa alizichora ndogo ndogo, kama mtu anayeandika jambo asilotaka lisomwe.

Shangazi alivumilia mpaka siku moja wakati wa chai ya asubuhi.

"Mwanangu, mikono hiyo umeiazima kwa nani?"

"Shangazi, hapa si Moshi," Nakijwa akamjibu.

Yule mama akamalizia chai yake, akaenda kufuta fimbo. Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Mambo yakaenda kombo. Siku moja moja mpira ulitii, na hapo Nakijwa alijisikia kama amezaliwa upya. Siku nyingine uliingia majini, vichakani, mara moja uliangukia kibandani kwa muuza vinywaji. Kwenye orodha alikuwa wa arobaini na nane, akawa wa hamsini na tisa, akawa wa sabini na tatu. Hapo ndipo walipofika Ayalandi kwa mashindano ya mwisho, kwenye uwanja ulio kando ya bahari ya baridi, wenye upepo wa kukata masikio na nyasi ndefu pande zote mbili za njia. Siku tatu akajikaza. Siku ya nne, ya mwisho, akafika shimo la kumi na sita akiwa bado anapumua. Hesabu ilikuwa wazi kwake na kwa shangazi: akimaliza vizuri mashimo matatu yaliyobaki anaingia kwenye sabini. Akiteleza, ndiyo basi.

Pigo lake la kwanza pale likaenda upande, likazama kwenye nyasi ndefu. Sheria inakupa dakika tatu za kutafuta mpira, zikipita unahesabiwa umepotea. Nakijwa na shangazi wakagawana, huyu huku, yule upande wa pili wa kilima kidogo. Haikupita dakika moja Nakijwa akauona mpira mweupe, umekaa juu juu ya nyasi, vizuri hata akashangaa. Akasoma jina la kampuni. Lile lile. Akasoma namba. Ile ile. Mchezaji anaruhusiwa kuuinua mpira wake mahali kama hapo ili ahakikishe alama yake, na miaka yote shangazi alimwambia, angalia mafiga kwanza. Lakini shangazi alikuwa ng'ambo ya kilima, watu walikuwa wamejipanga kutazama, na mpira umekaa kama umeandaliwa. Akainua fimbo juu, akapiga.

Mama zangu, lilikuwa pigo zuri kuliko yote ya msimu ule. Mpira ukapanda, ukaukata upepo, ukashuka kwenye nyasi fupi ukajongea mpaka hatua mbili kutoka shimoni. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Nakijwa akatembea kwenda kule kifua mbele, na moyoni alisema, sasa na mimi nimekuwa mmoja wao.

Karibu na shimo mchezaji anaweka alama mahali mpira ulipo, anauinua, anampa kedi aufute. Akampa shangazi. Namsifu akaufuta kwa taulo, akaugeuza, akaufuta tena ingawa ulikuwa umeshatakata. Nyuma ya mpira kulikuwa na mstari wa kijani. Mtu fulani aliyetangulia asubuhi ile alikuwa ameupoteza pale na akajiendea zake. Nukta hazikuwepo. Wachezaji wawili waliopangwa kucheza naye siku hiyo walikuwa wamesimama mbali kidogo, na mwamuzi mbali zaidi. Hakuna mwingine aliyekuwa na sababu ya kuutazama mpira ule. Ungeingia shimoni kwa kugusa tu, ungetoka, ungetiwa mfukoni, na jina la Nakijwa lingebaki kwenye orodha. Shangazi akauweka kiganjani mwa Nakijwa, upande wa mstari juu, akamwambia kwa Kipare kwanza, halafu kwa Kiswahili, polepole:

"Pigo ni zuri, mwanangu. Mpira ndio si wako."

Hakumwambia afanye nini. Nakijwa alisimama na ule mpira, na kwa kweli alitamani ungekuwa na joto umwunguze, apate sababu ya kuutupa. Alifikiria nyumbani. Alifikiria yale makofi. Akaona kwamba watu wale hawakumshangilia yeye, wala Tuva, ila mpira wa mtu asiyejulikana, na kwamba akinyamaza ataishi na makofi yale mwaka mzima. Akapiga moyo konde, akamwita mwamuzi, akamwonyesha.

Aliyepiga mpira usio wake huongezewa mapigo mawili, na lazima arudi autafute ulio wake, kwa dakika zilizobaki. Basi Nakijwa akarudi. Alitembea kinyume cha njia, mbele ya watu wale wale waliosimama, na safari hii hakuna aliyepiga makofi, maana wengi hawakuelewa anarudi kufanya nini. Uso ulimwaka kwa aibu. Akapiga magoti kwenye nyasi na kuanza kupapasa. Mpira wake ulikuwa hatua tatu tu kutoka pale alipoupigia ule mwingine, ila chini kabisa, nyasi zimeufunika, na nyuma yake kuna kichaka cha miiba. Akaugeuza kwa vidole viwili. Nukta tatu, ndogo mno, lakini zilikuwepo. Akaurudisha ulivyokuwa.

Akasimama apige, akainua fimbo kama Tuva, na fimbo ikagonga miiba. Akajaribu tena, ikagonga tena. Pale hapakuwa na nafasi ya kuinua mikono juu. Akamtazama shangazi, na shangazi alikuwa anatazama bahari, anajikaza asicheke. Ndipo Nakijwa akakumbuka ukuta wa Moshi. Akakaza viwiko, akapiga pigo fupi, la haraka, la kukata majani ya ng'ombe. Mpira ukatoka. Haukuruka juu, haukupendeza, uliambaa chini ya upepo ukasimama katikati ya njia. Wakapiga makofi watu wanne. Mashimo mawili yaliyobaki aliyacheza kwa mikono ile ile mifupi, na hakuna mpira wake hata mmoja uliotoka tena njiani.

Msinitazame hivyo. Hakuingia kwenye sabini. Alimaliza wa sabini na moja, na yale mapigo mawili ndiyo yaliyomtoa. Jioni ile walinunua samaki na viazi wakala kwenye benchi, Nakijwa akalia wazi wazi, bila kuficha, na shangazi akamwacha alie huku akimchambulia miiba ya samaki. Alipomaliza kulia alisema ana njaa bado. Desemba wakaenda kwenye mchujo, wakakaa na wale wasichana wanaobisha hodi, siku tano, upepo na jua. Hakuvaa kofia ya mtu. Alipiga kama alivyofundishwa nyuma ya ghala, na mlango ukafunguliwa. Mwaka huu anacheza, na nukta zake anazichora kubwa hata mwenzake aliye mbali anaziona.

Sasa niwaulize, mama zangu, na mtu asinijibu hapa, akajijibu nyumbani kwake. Lile pigo lako la mwaka jana, lile walilolisimamia watu na kulipigia makofi, uliinama kwanza ukautazama mpira?