Lugha ya Gho na Nye

Paukwa!

Pakawa!

Nianze nisianze?

Anza!

Na atakayesinzia?

Aliwe!

Haya, sogeeni. Semeni "mama." Mmeona midomo inavyogusana? Zimwi haliwezi. Meno yake yametokeza nje, mdomo haufungi hata likilala. Kwa hiyo lugha yao haina ma, haina ba, haina pa. Yote inatoka kooni, kama ya mtu anayekabwa.

Basi, milimani palikuwa na mfinyanzi, jina lake Namkunda. Aliishi na mama yake na mdogo wake, Nakiete. Udongo mzuri wa vyungu aliupata juu ya pango la mazimwi matatu: Ghorongo, Ghokangu na Ghotiri.

Watu wakamwambia, "Wewe mwanamke, utaliwa!" Yeye akicheka tu. Moshi wa mazimwi ulipanda kwenye ufa wa mwamba, na maneno yao yakapanda na moshi. Akachimba huku akisikiliza, mpaka lugha ile akaijua.

Na lugha yenyewe, jamani! Kila jina lilianza na gho au na nye. Gho ni mlaji. Nye ni wa kuliwa. Gho hukimbia, gho hupiga, gho husema. Nye ana kitendo kimoja tu: huliwa. Huwezi kusema nye amekimbia. Neno hilo halipo, na kwa zimwi, tendo lisilo na neno haliwezekani. Mbuzi ni nye. Mtu ni nye. Na zimwi lenyewe likiitwa nye, hata kwa kuteleza ulimi, limekwisha.

Siku moja Namkunda anachimba, akasikia kilio chini ya mwamba.

"Dada! Dada Namkunda!"

Alikuwa Nakiete. Alikwenda kuokota kuni, mazimwi yakamdaka.

"Nye huyu kanona," likasema zimwi moja. "Washeni moto!"

Namkunda akaacha kuchimba. Maneno ya kuyaua mazimwi alikuwa nayo, lakini alijijua: akiogopa, hubana midomo. Akiibana tu, yamemtambua, na mdogo wake kaliwa. Basi akaokota vigae viwili vyenye ncha, akavikaza mdomoni, kimoja huku, kimoja huku. Mdomo ukabaki wazi, damu ikamchuruzika kidevuni. Akashuka, akajibanza kwenye moshi mlangoni mwa pango.

Ndani, Ghorongo, kubwa lao, limemning'iniza Nakiete kwa nywele. Ghotiri linanoa shoka.

Namkunda akakoroma kooni: "Nyetiri!"

Shoka likaanguka chini. Ghotiri likasimama kama gogo. Halikukimbia, halikupiga, halikusema.

"Nani kasema?" likauliza Ghokangu.

"Si wewe?"

"Mimi? Ni wewe!"

"Basi, limeshasemwa," likasema Ghorongo. "Tule."

Nanyi msiniulize mbona zimwi limesema "mimi." Mimi ndiye ninayewatafsiria.

Ghorongo likang'oa bega la Ghotiri kwa mkono mmoja, mkono wa pili haukumwachia Nakiete. Ghokangu likazamisha kichwa tumboni. Mifupa ikalia ka! ka! ka! Ghotiri likaliwa huku linatazama, mpaka macho nayo yakaliwa.

"Nyekangu!"

Ghokangu likasimama, utumbo wa mwenzake ungali unaning'inia mdomoni. Ghorongo halikuuliza chochote. Likalipasua kichwa kwenye jiwe, likanywa ubongo.

Kisha likanusa. Likanusa tena. Likanusa mara ya tatu, likasikia harufu ya damu ya mtu. Likaruka mpaka mlangoni, Nakiete akiburuzwa, likamzaba Namkunda kofi la uso. Kigae kikapasua mdomo wa juu mpaka puani. Akaanguka chali. Zimwi likainama limkabe koo, na Namkunda, kwa kinywa kile kilichochanika, akakoroma:

"Nyerongo!"

Likaganda vilevile, limeinama.

"Dada, haliniachii!" akalia Nakiete.

Kweli. Nye hawezi kuachia. Kufumbua mkono nako ni kitendo.

Namkunda akaokota shoka. Akakata kifundo cha mkono mara moja, mara mbili, mara tatu, kiganja kikatoka na bado kimeng'ang'ania nywele. Kisha akaigeukia shingo. Jicho la zimwi likamtazama, likatoa chozi. Namkunda hakulihurumia, na mimi pia silihurumii.

Nakiete akazirai. Dada yake akambeba mgongoni, kile kiganja kikimlalia begani, akakimbia naye mpaka nyumbani. Jua lilikuwa linazama. Na kwao, jua likizama, mlango haufunguliwi mpaka aliye nje aseme, "Mimi, mama."

"Nani?" mama akauliza.

"Ii-i, aa-a."

"Sema vizuri! Nani?"

"Ii-i, aa-a!"

Mama akachungulia. Akaona meno yako nje, damu imejaa kifuani, na kiganja cha zimwi begani.

"Zimwi! Limewala wanangu, sasa limenifuata mimi!"

Akafungua mlango na mchi mkononi. Akampiga la bega, bega likavunjika. Akampiga la mbavu. Akauinua mchi mara ya tatu, sasa wa kichwa.

"Mama!" Sauti ilitoka mgongoni. "Mama, unamuua Namkunda!"

Mchi ukaanguka. Mama akaushika uso ule kwa mikono miwili, akautazama mpaka akamwona mwanawe ndani yake.

"Mwanangu! Mazimwi yamekushindwa, nije nikuue mimi?"

Namkunda akataka kumwita, asiweze. Wakalia wote watatu pale mlangoni. Mdomo ule haukuungana tena. Toka siku hiyo mpaka mama anazikwa, Namkunda akimtaka alimgusa mkono, na kila akiguswa, mama aliona aibu.

Hadithi yangu imekomea hapo, mwenye mbio aifukuze. Na funzo lake ni hili, watoto: angalieni mnavyowaita watu. Ukishamwita mtu zimwi, unampiga kama zimwi, hata awe mtoto wako.