Kikapu cha Donna Filomena

Kwii, kwii, kwii. Gizani, kabla kengele ya kanisa haijalia, roda ndogo ililia nje ya dirisha na kamba ikateremka polepole. Kisha kimya. Baadaye roda ikalia tena, safari hii kwa haraka, kama mtu anayenyakua kilicho chake kwa hasira. Gudrun alijiinua kitandani, akatega sikio. Hiyo ndiyo sauti iliyomwamsha siku yake ya kwanza katika mji wa Napoli.

Alikuwa amekuja peke yake. Dada yake, ambaye walipanga kusafiri pamoja, alikuwa amekaribia kujifungua, akamwambia, "Nenda wewe, ukaone na kwa ajili yangu." Gudrun alitoka kijiji cha milimani huko Norwei, ambako jirani wa karibu ni taa tu ng'ambo ya bonde. Kiitaliano alikisomea madarasa ya jioni. Hakuogopa kupotea wala kuibiwa. Aliogopa jambo moja tu: siku nzima ipite bila mtu yeyote kumwita kwa jina lake.

Kulipopambazuka alinunua mkate na jibini katika duka la Gaetano, chini ya nyumba aliyofikia, kisha akaingia mjini. Alipigwa na butwaa. Mashuka yalining'inia juu ya vichochoro kama matanga, na jua likapenya katikati yake vipandevipande. Aliona malimau makubwa kama vichwa vya watoto wachanga. Alishuka chini ya kanisa moja akakuta mitaa mingine imelala huko ardhini, na milango yake na maduka yake, mji umeketi juu ya mabega ya mji. Kila pembe ya barabara palikuwa na sanamu ya Madonna, yaani Bikira Maria, katika kijumba chake cha kioo, na watu wakipita waliweka maua, mshumaa, hata kitambaa cha mtoto. Gudrun alitazama mpaka shingo ikamuuma. Alitamani kumgusa mtu bega amwambie, "Hebu tazama." Lakini nani? Watu walimpita kama maji yanavyolipita jiwe.

Adhuhuri alirudi kwenye kichochoro chake akiwa na mkate na jibini lake bado mkononi. Hakuwa na habari ya ugomvi uliokuwapo pale.

Juu, ghorofa ya tano ya nyumba hiyo hiyo, aliishi Donna Filomena, kikongwe ambaye miguu yake ilikwisha kuzikataa ngazi. Kwa miaka mingi alikuwa akishusha kikapu, na Gaetano akakijaza mahitaji. Pasaka ilipofika, Gaetano alionja keki ya bibi huyo akasema mbele za watu kwamba ilikuwa kavu. Tangu hapo wakanuniana. Kila alfajiri bibi alishusha kikapu bila kusema neno, akingoja aombwe radhi. Gaetano naye hakukijaza, akingoja aombwe kwa mdomo, hata kahawa tu. Majirani waliompandishia supu walirudishwa mlangoni: "Mimi si ombaomba." Bibi aliishi kwa akiba ya kabatini, akikonda kama mshumaa, na kila mtu alilijua hilo, Gaetano kuliko wote.

Siku hiyo njaa ilimshinda, akakishusha mara ya pili. Kikapu kilitua mbele ya kijumba cha Madonna, pale pale Gudrun aliposimama. Gudrun akakiangalia, akaiangalia sanamu. Bila shaka hiki ni cha sadaka, akawaza. Akaweka mkate na jibini lake, akainamisha kichwa. Kikapu kikapaa juu hewani.

"Nani kaweka hivi?" Sauti ilitoka juu, nyembamba lakini kali kama wembe. "Kama ni wewe Gaetano, navirusha vikupate kichwani."

"Mkono wangu haumo," Gaetano alijibu akiwa mlangoni. "Muulize huyu dada wa watu. Kakuinamia kama mtakatifu."

Uso ulimwiva Gudrun. "Samahani, mama. Nilidhani ni sadaka."

Majirani wakajitokeza madirishani.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Norwei."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yake, na chakula chake kanipa mimi," bibi aliwaambia majirani wote. "Panda."

Chumbani Donna Filomena alimkalisha kwenye kiti kizuri, akamshika mkono. "Jina lako?"

"Gudrun."

"Gudruna," bibi alisema, akilionja jina kama asali. Akafungua kabati. Mkebe wa kahawa ulikuwa mtupu.

"Usijali, mama. Sihitaji kitu."

"Wewe huhitaji. Mimi nahitaji. Mgeni hajawahi kutoka humu na mdomo mkavu."

Alisimama akiushikilia mkebe, akiutazama, kisha akilitazama dirisha. Hatimaye akajikokota hadi dirishani.

"Gaetano."

Gaetano alitoka nje na aproni yake. "Naam, Donna Filomena."

"Nina mgeni. Naomba kahawa. Na sukari." Akamnyooshea kidole. "Na usidhani nimesahau."

Gaetano alivua kofia. "Keki haikuwa kavu, Donna Filomena. Ulimi wangu ndio uliokuwa mkavu."

"Ulimi wako ni mkavu tangu ubatizwe. Leta kahawa."

Kichochoro kiliangua kicheko. Kikapu kikajazwa kahawa, sukari, mayai, nyanya, na soseji ambayo hakuna aliyeiagiza. Kilikuwa kizito hivi kwamba Gudrun alilazimika kuvuta kamba pamoja na bibi. Alipoinua macho, baina ya mashuka aliiona bahari ikimeremeta, na mlima mmoja wa volkano umesimama kimya pembeni yake.

"Hebu tazama, mama," alisema.

"Naangalia, Gudruna," bibi alijibu. Mdomo wake ulikuwa umejaa mkate wa Gaetano.

Chini, Titina, binti mdogo wa Gaetano, alikuwa amekaa kizingitini akitazama juu. Aliwaona wote wawili dirishani, mmoja akitafuna, mwingine akicheka. Akamvuta baba yake aproni.

"Baba, mgeni amekuja na bibi amepona."