Kengele Zilizofungwa Matambaa

Mmejiuliza kwa nini shangazi yenu Qabale alicheka vile kwenye simu asubuhi, mlipomwambia mmenipa chumba cha nyuma nipumzike? Alisema, "Mgeni hatandikiwi kimya," akakata simu, nanyi mkabaki mnatazamana. Kaeni basi, niwaambie. Boru, punguza hiyo televisheni. Hapana, iache. Msemo huo ulizaliwa kwetu Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, na ulizaliwa kwa kosa langu mimi mwenyewe.

Babu yenu alikuwa amefariki mwaka ule, na watalii walikuwa wameanza kuja kuona Chalbi, ule uwanda mweupe wa chumvi ambao mchana hujifanya bahari. Palikuwa na mahali pawili pa kulala wageni: kambi ya mahema kwenye miti ya mikoma, na nyumba ya mawe yenye vitanda vya chuma. Mimi nikawa wa tatu. Nilijenga nyumba ya mikeka, ya kwetu ya Kigabra, vijiti vimepindwa kama mbavu za ngamia, ngozi zimetandikwa ndani, hatua ishirini kutoka mlangoni pangu. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa Mzungu mmoja mrefu. Alikaa siku mbili, akasema jangwa ni zuri, lakini mbuzi wana kelele, jogoo hana adabu, na kengele za ngamia zinamwamsha. Maneno hayo sikuyasahau.

Miezi miwili baadaye simu ikalia. Alikuwa mwanamke wa sauti ya upole, Mwalimu Nyaguthii, mstaafu kutoka Mukurwe-ini kule Nyeri. Akauliza kama anaweza kukaa siku saba. Kabla sijajibu, mbuzi akaanza kula mkeka. "Toka! Toka, mwizi wewe!" nikapaza sauti. Watoto wa jirani wakacheka, na Qabale, ambaye wakati huo hakuwa ameolewa, alikuwa akitwanga buni pembeni yangu. Nikaona haya.

"Samahani, Mwalimu," nikasema. "Hapa kwangu kuna kelele kidogo."

Akauliza lori huja siku gani. Kisha akasema, "Nitakuja Jumatatu."

Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa adabu, hataki kuniaibisha. Nami nitamtafutia utulivu.

Nyumba yetu haina msingi, mnajua. Nyumba ni ya mwanamke, na mwanamke huibomoa asubuhi, jioni akalala ndani yake mahali pengine. Basi niliibomoa, nikaipakia kwenye ngamia, nikaipeleka upande wa magharibi, mbali kiasi cha chai kupoa kikombeni kabla hujafika.

"Mama," Qabale akaniuliza, kamba ya ngamia mkononi, "huyu mgeni amekukosea nini?"

"Nyamaza. Watu wa mjini hupenda kimya."

"Umemuuliza?"

"Mgeni haulizwi. Mgeni hutazamwa."

Mwalimu akafika na lori la Jumatatu. Alikuwa mwembamba, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa likichoma, na pakiti mbili za majani ya chai ya kwao kama zawadi. Alipoiona nyumba imesimama peke yake katika weupe ule, aligeuka akatazama tulikotoka.

"Ni hapa?"

"Ni hapa. Hutasumbuliwa na mtu."

"Ahsante, mama," akasema polepole.

Kila asubuhi nilimwachia chupa ya chai mlangoni, nikaondoka bila kubisha hodi. Watoto niliwakataza kwenda upande ule. Nikamtazama kwa mbali, na jambo moja likanishangaza. Milango yetu huelekea magharibi, kwa sababu upepo wetu hutoka mashariki na hauna huruma. Penye nafuu ni mlangoni. Yeye kila siku alibeba kigoda akaenda kukaa nyuma ya nyumba, upepo ukimpiga usoni, vumbi likimtoa machozi, akituelekea sisi.

Nikafikiri, upepo unampelekea sauti za kengele, ndiyo maana anatukodolea macho. Siku ya Alhamisi nikachukua kanga yangu kuukuu, nikaichana, nikazifunga kwa vipande vyake zile kengele za mti shingoni mwa ngamia, moja baada ya nyingine, zisilie. Ngamia kumi na wanne wakapita kwenda malishoni kama moshi.

Ijumaa nilipopeleka chai, nilikuta mkoba wake umefungwa.

"Lori la kesho lina nafasi?" akaniuliza.

Nikaiweka chupa chini. Kwetu mgeni akiondoka kabla ya siku zake, watu huuliza alinyimwa nini.

"Mwalimu, kama ni kengele, jana nilizifunga. Na mbuzi naweza kuwahamisha."

"Ni wewe uliyezifunga?"

"Kwa matambaa. Kanga nzima iliisha."

Akaketi juu ya mkoba wake. Alianza kucheka, kisha sikujua tena kama anacheka.

"Mama Qabale, nilikuwa nakaa kule nyuma ili nizisikie. Jana ziliponyamaza, nikadhani mmehama na mifugo yenu mkaniacha."

Nikaketi chini karibu naye.

"Mume wangu alikufa miaka mitatu iliyopita," akasema. "Nyumba yangu ina vyumba sita na saa moja ya ukutani. Nilipiga simu mahali patatu huku kwenu. Wa kwanza akaniambia, hapa utasikia hata moyo wako ukipiga. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa anagombana na mbuzi."

"Huyo ni mimi."

"Nikasema, hapo. Hapo ndipo nitakapolala."

Qabale alipofika na ngamia wa kuirudisha nyumba, alimkuta Mwalimu mwenyewe anafungua mikeka kwa kucha. Nilipomweleza, Qabale akaangua kicheko: "Mama! Mgeni hatandikiwi kimya!" Maneno hayo yalifika kisimani kabla yetu. Wiki nzima wanawake waliniuliza, "Talaso, leo umemtandikia nani kimya?" Sasa yanasemwa hadi Marsabit, na wanaoyasema hawanijui.

Nyumba ilirudi, safari hii hatua kumi tu kutoka kwangu, ndivyo alivyotaka. Akakaa siku zake zote, akagombana na jogoo. Alipoondoka nilishindwa kuibomoa nyumba ile. Baada ya hapo kila Jumapili alinipigia simu, na tukimaliza salamu alisema, "Mama Qabale, hebu sogeza simu kwa mbuzi." Nami nilisimama pale zizini, mkono nimeunyoosha, nisijue anasikia nini. Mpaka Jumapili moja simu haikulia, na iliyofuata pia, nikajua Mwalimu amemfuata mumewe.

Sasa nyinyi, wajukuu wangu. Mmenipa chumba kizuri, pazia zito, mlango umefungwa, mnapita mkinyata. Siku ya nne leo, nasikia friji tu. Siwalaumu. Mlinitazama, hamkuniuliza, nami nikafanya kama Mwalimu, nikasema ahsante. Mgeni hatandikiwi kimya. Leteni godoro langu hapa sebuleni, kati ya televisheni na mlango wa jikoni. Nataka mnikanyage mkipita.