Wimbo wa Tano wa Ijumaa

Kidole kikijikwaa, mwenyewe hukipaka dawa, akachechemea siku mbili tatu, kikapona. Ulimi ukijikwaa, mara nyingi anayeumia ni mtu mwingine, na dawa yake haiuzwi dukani. Kinyozi mmoja, ambaye wateja walimwita Sikio, aliyajua hayo tangu shuleni. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuzingatia ni kingine.

Sikio alipenda muziki kupita kiasi. Kila Ijumaa alirekodi ujumbe wa sauti na kuutuma kwenye kundi lake la simu lenye watu elfu mbili, akiwapendekezea nyimbo mpya za wanamuziki wanaojitegemea, wale wasio na kampuni wala meneja. Nyimbo nne alizisifu. Wa tano aliukejeli ili watu wacheke, na kusema kweli, kejeli hiyo ndiyo iliyojaza kundi. Wimbo aliousifu ulisikilizwa mji mzima. Alioukejeli ulizikwa siku hiyohiyo.

Ijumaa moja kiti cha kunyolea hakikupoa. Nyimbo nne alikuwa nazo, bado wa tano. Akafungua kiungo cha wimbo wa mtandaoni, kilichotumwa kutoka namba asiyoijua, simu ikiwa rafuni na mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mteja. Ikasikika sauti ya mwanamke mzee, imekwaruza, ikihema kila baada ya maneno mawili. Sikio hakungoja hata nusu dakika. Akazima mashine, akarekodi.

"Na wa tano, ndugu zangu, ni wa bibi aliyemeza mchanga. Kama una mtoto hataki kulala, usimwekee huu, atahama nyumba."

Mteja alicheka mpaka kitambaa kikamtoka shingoni. Kufikia adhuhuri ujumbe ule ulikuwa umesambaa kama moto wa nyika, na Sikio kichwa kilimvimba kwa sifa.

Alasiri akaingia mdogo wake wa kike, mwalimu wa chekechea, mikono bado ina chaki. Hakusalimia.

"Kaka, wimbo wa tano umeusikiliza wote?"

"Nani ana muda wa yule bibi? Kwani unamjua?"

"Zima hiyo mashine kwanza."

Akaucheza kwenye simu yake. Safari hii, bila ngurumo, maneno yalisikika. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto, na ndani yake mlikuwa na jina la utotoni la Sikio, ambalo mtu mmoja tu duniani alilitumia. Kisha sauti ya mdogo wake ikaingia, laini, ikiitikia ile ya kwanza. Mdogo wake akauzima kabla haujaisha.

Sikio aliiweka mashine rafuni.

"Huyo ni mama?"

"Ni mama. Nilimrekodi hospitalini, wiki yake ya mwisho. Koo lilikuwa limeshaharibika. Ungekuwa unakuja kumwona, ungeijua sauti yake."

"Mbona hukuniambia ni wako?"

"Nilitaka uupende kwa uzuri wake, siyo kwa undugu."

Sikio alinyakua simu, akafuta ujumbe wake. Wakati uleule, kutoka duka la jirani, ikasikika sauti yake mwenyewe ikisema "bibi aliyemeza mchanga," na vicheko vikafuata. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nitarekodi mwingine," alisema. "Nitaomba radhi, niwaambie ni mama yangu."

"Usiwaambie. Wimbo nimeshauondoa mtandaoni. Sitaki mama achekwe huku jina lake likijulikana."

"Basi nitumie mimi peke yangu. Nataka kuusikia mpaka mwisho."

Mdogo wake aliitia simu yake mfukoni.

"Nimekusamehe, kaka. Lakini huo sikupi."

Akatoka. Sikio hakunyoa mtu tena siku ile. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na kwa jirani ujumbe wake ukachezwa tena, watu wakacheka upya. Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.